Sura Iliyosubiri Miaka 40

Simulizi ya wikendi, sehemu ya kwanza

Mwakeye, wa Kalinzi! Na wewe wa Mwandiga, na wewe wa Manyovu uliyekaa stendi unasubiri gari lijae, na ninyi wa Ujiji mnaojipepea huko chini kwenye joto la ziwa. Sogezeni vigoda. Simulizi mpya inaanza leo, na naanzia mbali.

Nakupeleka London. Nauli usiulize.

Ni mwaka 2022. Katikati ya jiji, jirani kabisa na Trafalgar Square, kuna jumba la makumbusho linaloitwa National Portrait Gallery. Lilianzishwa mwaka 1856, na kazi yake ni kukusanya sura. Sura tu! Malkia wamo, majenerali wamo, washairi wamo, na matajiri ambao bila shaka walimwomba mchoraji awapunguzie kitambi.

Umefika mlangoni? Pole sana. Pamefungwa.

Pamefungwa tangu Machi 2020. Ndani kuna ukarabati mkubwa, na milango haitafunguliwa mpaka Juni 2023. Watalii wanapita nje, wanachungulia, wanaondoka.

Lakini nyuma ya milango hiyo kuna jambo linafanyika, na ndilo lililonifanya nikusumbue siku ya mapumziko. Jumba linanunua picha.

Picha yenyewe imechorwa kwa rangi. Ni mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe. Ukiitazama haraka utasema ni uso mmoja. Rudia. Kuna mwingine umeingia ndani ya ule wa kwanza, jicho hili lina mwenzake asiye wake, na hujui ni yupi kati yao anayekutazama wewe.

Sasa piga hesabu. Toka 1856 mpaka 2022 ni miaka 166. Katika miaka yote hiyo, jumba hilo lenye maelfu ya nyuso halikuwahi kumiliki hata picha moja ya rangi ambayo msanii mwanamke mweusi amejichora mwenyewe. Hii ndiyo ya kwanza.

Hesabu ya pili ni ndogo zaidi. Picha ilichorwa mwaka 1982. Inanunuliwa 2022.

Miaka 40! Ilikuwa wapi muda wote huo? Nani aliyejichora namna hiyo, na kwa nini uso mmoja haukumtosha? Na je, yuko hai aone hili, au wanamnunua marehemu?

Haya, usinikazie macho. Nitajibu, ila si kwa mpangilio unaoutaka wewe.

Turudi nyumbani kwanza. Si Kigoma, ila ungeletwa usiku na kushushwa pale, asubuhi ungeamka ukadhani uko Kalinzi: migomba juu, mibuni chini yake, ukungu unaoingia mpaka jikoni, na baridi ya kumfanya mzee avae koti mpaka saa nne. Ni Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Hapo, mwaka 1954, alizaliwa mtoto wa kike anayeitwa Everlyn Nicodemus.

Huyo ndiye mwenye sura. Jina nimekupa mapema, usiseme mimi mchoyo.

Mlima ule una maajabu yake. Kabla ya Everlyn ulikuwa umeshatoa wachoraji wawili waliovuka mipaka. Elimo Njau, wa Marangu hiyohiyo, alikwenda Kenya, na mwaka 1965 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Nairobi. Sam Ntiro wa Machame alisoma Makerere, akaenda London kusoma tena, na nchi ilipopata uhuru akarudi London akiwa balozi. Naam, mchoraji balozi. Tuliwahi kuwa na mambo mazuri.

Ntiro ana picha moja nataka uiweke mfukoni, maana utaihitaji kabla hatujaagana. Aliichora mwaka 1956, na mwaka 1960 ikanunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, yale yanayoitwa MoMA. Inaonesha wanaume usiku, wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi. Wazee wa Kalinzi hawahitaji kufafanuliwa safari hiyo. Wengine wenu mliibeba mitungi wenyewe.

Umeiweka mfukoni? Ifunge kifungo.

Mwaka 1973 Everlyn ana miaka 19. Anahamia Sweden.

Sisi wa mwisho wa reli tunajijua kwa safari ndefu. Tumekaa kwenye treni mpaka tukawa ndugu na jirani wa siti, mpaka tukagawana karanga na siri za nyumbani. Lakini kwenye treni, ukishuka Dar, hakuna anayesimama kukushangaa ngozi. Sweden ya 1973 ilikuwa na watu weusi wachache sana, na binti wa Marangu ambaye maisha yake yote alikuwa mtu tu, binti wa fulani wa ukoo fulani, akajikuta ghafla amekuwa mweusi. Huko ndiko alikokutana na ubaguzi wa rangi, ule wa kila siku usio na kiboko wala pingu. Wa macho.

Unajua macho yanavyochosha? Mtu akikutukana unamjibu. Akikutazama tu, utamjibu nini?

Akavumilia. Akaamua kusoma. Kufikia mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Stockholm, na somo alilochukua ni anthropolojia ya jamii, yaani elimu ya kuchunguza watu wanavyoishi, wanavyooana, wanavyozikana.

Ungedhani amepata tiba, siyo? Aliyetazamwa sana sasa anajifunza kutazama. Kumbe ndipo mtego ulipokuwa.

Na hapa nataka watu wa Kalinzi wanisaidie, kwa sababu ninyi mna ushahidi ambao Stockholm hawana. Teremka mlima kuelekea ziwani, utafika Gombe. Julai 1960 Jane Goodall alitua pale na daftari na darubini, akakaa porini akiwatazama sokwe. Babu zenu walimwona. Na jambo moja alilofanya lililowakera baadhi ya wasomi wa siku zile ni kwamba sokwe wake aliwapa majina badala ya namba. Flo. Fifi. David Greybeard.

Sasa fungua vitabu vingi vya anthropolojia vya zamani vilivyoandikwa kuhusu Afrika. Mzee wa kijiji amehojiwa miezi, ameeleza mila zote, amewakirimu wageni kwa kuku wake. Jina lake liko wapi? Ameandikwa “mtoa habari”. Sokwe ana jina, mzee wa kijiji hana! Mimi hili huwa linanipandisha presha, naomba nipumue kidogo.

Everlyn naye lilimpanda. Elimu aliyopewa ilimtaka awageuze watu wake kuwa vitu vya kuchunguzwa, na yeye alijua fika inavyokuwa kukaa upande ule mwingine wa darubini. Atafanya nini? Ameshavuka bahari, ameshaingia chuo, kwao Marangu wanajua binti yao anasoma Ulaya. Mtu anaachaje?

Akaacha. Akashika brashi.

Subiri, usipige makofi. Brashi hakuwahi kuisomea. Kina Ntiro na Njau walipita Makerere, wakafundishwa kuchanganya rangi na kupanga mwanga. Yeye alikuwa na nini? Hasira, kalamu ya kuandikia mashairi, na ujasiri ambao ukiuona kwa mwanao utamwitia wajomba wakae kikao.

Mwaka 1980 akafanya onesho lake la kwanza la peke yake. Wapi? Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, ubavuni mwa bustani ya mimea.

Wenye umri wanaikumbuka Dar ya 1980. Vita na Idi Amin imeisha juzi, duka la ushirika lina rafu tupu, watu wanapanga foleni ya sabuni bila kuwa na hakika kama mwisho wa foleni kuna sabuni. Na katikati ya hali hiyo mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ambaye hakuna chuo cha sanaa kilichompa cheti, anatundika picha zake ukutani kwa makumbusho ya nchi.

Hapo simulizi nyingine ingeishia. Msichana amerudi, amepokelewa, ngoma imelia. Lakini nimekuahidi picha ya 1982, na haikuchorwa Dar.

Åkersberga. Ni mji mdogo kaskazini-mashariki ya Stockholm. Everlyn ana miaka 28, yuko tena kwenye nchi ya macho. Na safari hii anafanya jambo ambalo nataka ulipime vizuri kabla hujalipita.

Nenda Kibirizi, pale mitumbwi inapopakia abiria. Mtafute fundi anayeandika majina ubavuni mwa mitumbwi na kuchora samaki na simba. Mwambie, “Fundi, jichore wewe.” Atakucheka. Nani atamlipa? Nani ataning’iniza ukutani sura ya fundi rangi? Mtu hujichora akiwa hana mteja, au akiwa na deni na nafsi yake.

Everlyn alikuwa na deni. Kila siku watu walikuwa wakimtazama na kumaliza: wameshaona, wameshajua, mwafrika yule. Basi akawachorea uso usioisha. Ukidhani umeshaushika, kuna mwingine. Mimi nasema hakuna jibu la dharau lililowahi kuwa la heshima kama lile, na kama una mfano mwingine niletee.

Picha ikakamilika. Halafu?

Halafu kimya.

Mwaka ukapita, ikapita mitano, ikapita kumi. Na hapa lazima nikukatize kwa makusudi, maana hujanielewa bado hatari yenyewe iko wapi. Nikusimulie kidogo habari za mfalme.

Huko Vietnam, mwaka 1884, mtoto anayeitwa Hàm Nghi alitawazwa kuwa mfalme hata hajafika miaka 14. Mwaka uliofuata akatoroka ikulu na kuingia milimani, na jina lake likawa bendera ya waliopigana na Wafaransa. Mwaka 1888 akasalitiwa na mlinzi wake, akakamatwa. Januari 1889, akiwa na miaka 17, akashushwa melini Algiers. Ndiyo, Algeria, bara letu hilihili. Hakurudi kwao tena.

Akafanya nini huko? Akajifunza kuchora. Zaidi ya miaka 50 mfalme asiye na nchi alichora miti na vilima na machweo ya Algeria. Akafa mwaka 1944.

Na mwaka 2010 picha yake moja ya machweo ikapigwa mnada Paris. Ikauzwa euro 8,800. Magazeti yakaandika, wasomi wakaamka, watu wakaanza kumtafuta Hàm Nghi mchoraji. Mwenyewe ana miaka 66 kaburini!

Umeiona sasa hatari? Mchoraji wa ughaibuni ana wateja wawili tu wa uhakika: vumbi na kaburi. Kwao hawamwoni kwa sababu hayupo. Ugenini hawamwoni kwa sababu yupo lakini si wao. Na mara nyingi kaburi ndilo linalofika la kwanza.

Ndiyo maana ule mwanzo uliponiuliza kama mwenye picha yuko hai, nilijifanya sijasikia.

Yuko hai.

Haya, sasa piga makofi! Mwaka 2022 sura yake inaponunuliwa, mama Everlyn ana miaka 68 na anaishi Edinburgh, Scotland. Na huko mbele, Oktoba 2024, mji huohuo utamfungulia maonesho makubwa ya kazi zake za zaidi ya miaka 40. Kabla ya hapo atakuwa ameshapata udaktari wa falsafa, mwaka 2012, katika umri ambao wengi wetu tunahesabu kiinua mgongo. Na kuna kitu amewahi kukitengeneza, kina urefu wa mita 16, ambacho nikikuambia leo kimebeba nini hutalala. Hicho nimekitunza.

Umefurahi? Furahi kidogo tu.

Kwa sababu nimekuruka, na nimekuruka makusudi. Nimekutoa 1982 nikakutua 2022 kana kwamba katikati palikuwa na barabara ya lami. Hapakuwa. Palikuwa na shimo, na yeye alikaribia kubaki humo.

Turudi. Mwaka 1984 yuko Skive, mji mdogo wa Denmark. Anaanza kazi aliyoipa jina la Mwanamke Duniani. Utaratibu wake ulikuwa huu: anakutana na wanawake wa mahali pale, wanaketi, wanazungumza. Ndoa, watoto, kazi, uchovu, mambo ambayo mwanamke humwambia mwanamke mwenzake mlango ukishafungwa. Kutokana na mazungumzo hayo anachora, anaandika mashairi, anaonesha.

Unaona alichofanya? Ni ileile anthropolojia aliyoikataa, kaipindua. Na walioanza kuulizwa safari hii ni Wazungu.

Mwaka 1985 akaipeleka Dar es Salaam. Mwaka 1986 akaipeleka Kolkata, India. Miji mitatu, mabara matatu, na kila mahali wanawake wanamwaga yao moyoni mwake.

Sasa niulize swali ambalo mama yako angeliuliza mara moja. Mtu anayebeba ya wenzake kutoka Skive mpaka Kolkata, ya kwake nani anambebea?

Hakuna.

Mwaka 1988 Everlyn alianguka.

Simaanishi alijikwaa. Akili na mwili viligoma kwa pamoja. Mwenyewe hajaficha, ameandika na kusema hadharani kwamba alipatwa na majeraha ya akili, ugonjwa uleule ambao madaktari huukuta kwa askari waliotoka vitani na kwa watu walionusurika mauaji. Ninyi wa Kigoma mmepokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo toka enzi za wazazi wenu. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Anaketi kwenye benchi mchana kweupe, mlango ukibamizwa anaruka.

Lakini yeye hakutoka vitani. Hakuna bomu lililoanguka Åkersberga, na kwenye mitaa ya Stockholm hakuna aliyeshika panga. Basi vita yake ilikuwa ipi? Ilimchukua miaka kuitafuta, na alipoipata aliiandikia kitabu kizima cha shahada. Wewe unaweza kuotea: rudi kwenye yale macho, yazidishe kwa siku, zidisha siku kwa miaka 15.

Picha ya nyuso zilizoingiliana iko palepale, haijanunuliwa. Aliyeichora sasa anatafuta hata uso mmoja wa kuamka nao asubuhi.

Ukapita 1989. Ukapita 1990.

Walio karibu na mgonjwa wa namna hii wanajua kipindi hicho. Hujui kama anapona au anaaga. Na mchoraji asiyechora ni mtu gani?

Kisha, mwaka 1991, brashi ikaguswa.

Akachora picha moja ndogo. Halafu nyingine. Hakuwa na mteja wala jumba lililomwagiza, na hakuna aliyemwambia ngapi zinatosha. Ya kumi. Ya thelathini. Mwaka ukaisha, 1992 ikaingia, bado anachora. Ya sitini. Ya themanini. Aliposimama zilikuwa picha 84.

Mgonjwa, mbali na kwao, kwenye miaka yake mibaya kuliko yote. Ungetarajia azipe jina gani? Kilio? Giza? Kaburi?

Sasa fungua kile kifungo cha mfukoni, itoe ile picha ya Ntiro. Wanaume njiani, usiku, pombe ya ndizi inakwenda kwa bibi arusi. Mlima uleule. Safari imeanza 1956, na hatujui kama walifika.

Kwa sababu picha zote 84 mama Everlyn alizipa jina moja tu. Aliziita Arusi.

Arusi ya nani? Nani anayeolewa katikati ya ugonjwa, na ni bwana arusi gani huyo anayebisha hodi mara 84?

Itaendelea Jumamosi ijayo.